Wosia, hiba, kampuni au mirathi: shamba la familia lipite njia ipi?

Familia nyingi za Dar es Salaam zina shamba mahali: Mkuranga kwenye mikorosho, Kisarawe kwenye mihogo na machungwa, Kiwangwa kwenye mananasi, au ekari kadhaa za malisho kuelekea Chalinze. Mzee alilinunua akiwa kazini, akaliendeleza kwa kiinua mgongo, na leo lina zizi, kisima na kijana wa kuchunga. Watoto wametawanyika Tabata, Mbagala na Mwanza, mmoja yuko nje ya nchi. Nani atalipokea, na kwa njia ipi, ni mazungumzo yanayoahirishwa mpaka yafanywe siku ya arobaini, na watu waliochoka na wenye machungu.

Zamani kuahirisha hakukuwa na hasara kubwa, maana ekari ya Soga au Kwala haikuwa na wa kuigombania. Sasa reli ya SGR inapita huko, bandari kavu ya Kwala ipo, viwanda vya Kibaha vinaongezeka, na dalali anaijua mipaka ya shamba la mzee kuliko watoto wake. Kwa hiyo tuziweke njia zenyewe pamoja, tuone ipi inamfaa nani.

| | Mirathi bila wosia | Wosia | Hiba (kugawa ukiwa hai) | Kampuni ya familia |
|---|---|---|---|---|
| Mzee akiwa hai, neno la mwisho ni la nani? | La mzee | La mzee, na anaweza kubadili | La aliyepewa | La wakurugenzi |
| Shamba linabaki zima? | Mara chache | Ukiandika hivyo | Inategemea umempa nani | Ndiyo, hisa ndizo zinagawanywa |
| Mahakama baadaye? | Lazima | Lazima, ila njia imeshaonyeshwa | Si kwa kipande hicho | Kwa hisa, si kwa ardhi |
| Gharama sasa hivi | Hakuna | Ndogo | Kubwa | Kubwa, na kila mwaka |

Jedwali linasaidia kuanzia, lakini linaficha mambo mengi.

Kwanza karatasi uliyonayo

Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Unachorithisha si udongo, ni haki ya kuutumia. Haki hiyo ina sura mbili kuu. Shamba lililopimwa lina hati miliki chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, yenye muda usiozidi miaka 99 na masharti ya uendelezaji. Shamba la kijijini liko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, na karatasi yake ni hati ya hakimiliki ya kimila, kama ipo. Mara nyingi kilichopo ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtendaji na majina ya mashahidi ambao nusu yao wameshafariki.

Angalia miaka iliyobaki. Ukimwachia mtoto hati ya miaka 33 iliyobakiza mitano, umemwachia kazi ya kuomba upya. Angalia pia pango la ardhi na kichaka: shamba lenye hati lisiloendelezwa linaweza kufutiwa hati, na hapo hakuna wosia wala kampuni itakayoliokoa.

Na kama unafugia kwenye kitalu cha ranchi ya taifa, tuseme Ruvu, ardhi ile ni ya NARCO, yaani Kampuni ya Ranchi za Taifa. Unachoweza kurithisha ni ng'ombe, vifaa, na kilichobaki kwenye mkataba kama mkataba unaruhusu. Usome kabla hujaanza kugawia watoto.

Mirathi bila wosia

Hii ndiyo njia ya walio wengi, kwa sababu haihitaji kufanya chochote. Mzee akifariki, ukoo unakaa, unaandika muhtasari, unapendekeza msimamizi wa mirathi, na msimamizi anaomba mahakamani akiwa na cheti cha kifo. Kwa Dar es Salaam, mashauri ya mirathi na ndoa yamewekwa pamoja Kituo Jumuishi cha Temeke tangu 2021, hivyo angalau huzunguki mji kutafuta mahakama.

Ugumu uko kwenye sheria itakayotumika, kwa sababu tunazo tatu. Mahakama huangalia marehemu aliishije. Aliyeishi Kiislamu, mirathi yake inafuata mafungu ya Qur'ani: mke au wake wanachukua thumni (moja ya nane) kama kuna watoto, na mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Ambaye si Mwislamu na aliishi nje ya mila za kabila lake, inatumika Sheria ya Urithi ya India ya 1865 tuliyoachiwa na Mwingereza: mjane theluthi moja, watoto theluthi mbili kwa usawa. Aliyeishi kimila, kwa makabila yanayofuata upande wa baba, kuna tamko la sheria za mila la 1963. Huko mtoto wa kiume wa kwanza yuko daraja la kwanza, wavulana wengine la pili, mabinti la tatu, na mjane anategemea watoto wake. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliikosoa Tanzania kwa kanuni hizohizo, kwenye malalamiko ya wajane wawili.

Mzee aliyezaliwa Shinyanga, akaoa kanisani, akaishi Kimara miaka arobaini na kumpeleka kila mtoto jandoni: ni wa sheria ipi? Huo ni ubishi ambao mawakili wawili wanaweza kuusukuma miaka, na wakati huo shamba linaota magugu na kijana wa zizini hajalipwa.

Halafu kuna msimamizi mwenyewe. Kisheria yeye ni mtumishi wa warithi: akusanye mali, alipe madeni, agawe, kisha arudishe hesabu mahakamani, ndani ya miezi minne kwa mahakama ya mwanzo. Katika mahakama nyingine orodha ya mali inatakiwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka. Wengi wanaishia kwenye barua ya uteuzi. Wanaiona kama hati ya umiliki, wanaweka dalali, na ndugu wanashtuka kuona tingatinga shambani.

Njia hii naipendekeza kwa hali moja tu: mali ni ndogo, warithi ni wachache, wanaelewana, na wote wanakubali sheria itakayotumika. Vinginevyo ni kuwaachia watoto kesi.

Wosia

Wosia ni wa bei nafuu na unaweza kuubadili hata kesho. Kwa mila, ukiwa unajua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hujui kusoma, wanne. Shahidi asiwe mnufaika. Chini ya ile sheria ya 1865, aliyeshuhudia wosia unaompa kitu anakipoteza kitu hicho. Sheria hiyohiyo inasema ndoa mpya hufuta wosia wa zamani, jambo ambalo wazee wanaooa tena baada ya kufiwa hawaambiwi.

RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandika na kuhifadhi wosia, na wana ofisi hapahapa mjini. Usiuweke kabatini. Wosia wa kabatini una tabia ya kupotea wiki ya msiba.

Mipaka yake ni mitatu. Wa kwanza, huwezi kuusia kisicho chako. Shamba mlilochuma na mke wako lina sehemu yake hata kama jina kwenye hati ni lako peke yako. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 1983 kazi ya mama nyumbani nayo inahesabika kuwa mchango katika mali ya ndoa. Wa pili, Mwislamu anausia mwisho theluthi, tena si kwa mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Theluthi hiyo si ya kudharau: ndiyo nafasi ya kumkumbuka mjukuu aliyefiwa na baba, au mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ambaye kwa sheria ya dini harithi kwa baba. Wa tatu, ukitaka kumnyima mtoto kwa wosia wa kimila, lazima uandike sababu, na iwe sababu inayokubalika. "Hanisalimii" haitoshi.

Udhaifu mkubwa ni jinsi tunavyouandika. "Shamba la Chalinze wagawane watoto wangu wote sawasawa." Sentensi hiyo ina upendo mwingi na imevunja mashamba mengi. Nitairudia hapo chini kwenye ekari 40.

Hiba

Kumpa mtoto ukiwa hai kuna faida moja kubwa: mgogoro ukitokea, upo wa kuujibu. Kwa Kiislamu hiba inatimia kwa kutoa, kupokea na kukabidhi, na ukishatoa ukiwa mzima hufungwi na theluthi wala mafungu. Lakini ile inayotolewa kitandani, kwenye ugonjwa wa mwisho, inahesabiwa kama wosia.

Kwa shamba lenye hati, hiba ni uhamisho kama mwingine: fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, hati ya zawadi, ridhaa ya mwenza, uthamini, kibali cha Kamishna wa Ardhi, na mamlaka ya mapato, TRA. Tanzania haina kodi ya urithi, ila kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na TRA wataangalia thamani hata kama hakuna pesa iliyopita mkononi. Shamba la mtu binafsi lenye thamani ya soko chini ya shilingi milioni 10, lililolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho, haliguswi na kodi hiyo. Kwa kijiji cha ndani ndani hilo linasaidia. Kwa Kibaha ekari chache tu zinavuka kiwango. Ardhi ya kijiji inapita kwa halmashauri ya kijiji, na mtoto anayeishi Sinza asiyejulikana pale ataulizwa maswali.

Hatari ya hiba si kodi. Ni kwamba imeisha. Mtoto akikopea benki, akifilisika, akiachana na mkewe, au akifariki kabla yako, shamba linakwenda na mambo yake. Nimeona wazee wakiomba ruhusa ya kuchuma korosho walizopanda wenyewe. Kama unatoa, mpe anayelima tayari, umpe kipande, na ubaki na eneo la kukulisha wewe na mwenzako.

Kuna hatua watu wanairuka, nayo ni bora kuliko hiba ya haraka: mkabidhi mtoto uendeshaji bila umiliki. Mkataba wa maandishi wa miaka mitatu au minne, yeye analipa wafanyakazi, ananunua dawa ya kuogesha, anauza ng'ombe, anakuletea hesabu. Utajua kama anataka shamba au anataka ardhi. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na wengi wetu tunavigundua baada ya kusaini.

Ekari 40, watoto sita

Tuseme shamba ni mstatili: mbele barabara, nyuma bondeni. Zizi, josho na nyumba ya mchungaji viko mbele kwa sababu gari la maziwa linafika hapo. Kisima kiko katikati. Lambo liko bondeni kabisa, na ndilo linalowavusha ng'ombe Septemba na Oktoba kabla ya vuli.

Gawanya sawasawa: kila mtoto ekari sita na ushee. Wa mbele kapata barabara na josho. Wa tatu kapata kisima na pampu ya sola ambayo baba aliinunua kwa mkopo. Wa sita kapata lambo lakini hana njia ya kutokea. Ng'ombe mmoja wa malisho ya asili anahitaji ekari kadhaa kwa mwaka, kwa hiyo kila kipande kinalisha mmoja au wawili. Ranchi imekufa siku mpima alipochomeka bikoni, hata kabla ya yeyote kuuza. Wa mbele atauza kwanza, maana mtu wa yadi ya malori anataka barabarani. Josho linavunjwa. Wa nyuma wanauza kwa bei ya hasara kwa yuleyule.

Ukiwapa wote sita jina kwenye hati moja, kila mmoja na hisa yake, shamba linabaki zima kwenye karatasi. Ila kila uamuzi, hata wa kukata mti, unahitaji sahihi sita, na hisa ya anayefariki inaenda kwa watoto wake. Kizazi cha pili kina sahihi ishirini. Umiliki wa pamoja wa aina nyingine, ule ambao mmoja akifariki aliyebaki anachukua lote, kwa kawaida ni wa mume na mke. Kwa kumlinda mama ni mzuri kuliko maneno mengi ya wosia, na hatuutumii vya kutosha.

Mifugo nayo ina hesabu yake. Ng'ombe wanagawanyika kirahisi kuliko ardhi, na ndiyo maana wanaharibiwa kirahisi. Ng'ombe 60 kwa watoto sita ni kumi kila mmoja, lakini dume la mbegu ni mmoja, mitamba ni wachache, na waliobaki ni majike wazee. Anayelala Mbagala atawauza kumi wake Pugu mnadani wiki ileile. Kama kuna mtoto anayeendesha zizi, mpe yeye kundi, na wengine uwafidie kwa kitu kingine: nyumba ya mjini, kiwanja, au malipo ya kila mwaka kutoka kwenye mauzo. Na orodha ya mifugo iandikwe, kila mmoja na hereni yake, kwa sababu ng'ombe wanazaa, na baada ya miaka miwili hakuna atakayekumbuka ndama wa nani.

Kampuni ya familia

Kwa shamba kama hilo kampuni inajibu tatizo vizuri kuliko zote. Inasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ardhi inaingia kwenye jina la kampuni, watoto wanapata hisa. Anayefanya kazi analipwa mshahara kama meneja. Wasiofanya kazi wanasubiri gawio. Mtu akifariki, kinachoenda mahakamani ni hisa zake, na ng'ombe wanaendelea kula. Katiba ya kampuni inaweza kusema hisa zisiuzwe nje ya familia kabla ndugu hawajapewa nafasi ya kununua. Hilo peke yake linawafukuza madalali wengi.

Lakini mahesabu yawe ya kweli. Kuhamishia ardhi kwenye kampuni ni uhamisho, na gharama zake ni zilezile za hiba. Kila mwaka kuna ritani za BRELA, hesabu za TRA, mhasibu, na kodi ya kampuni ya asilimia 30 ya faida. Ekari tano za mihogo haziwezi kubeba mzigo huo. Ardhi ya kijiji yenye hati ya kimila haihamii kwenye kampuni kirahisi. Na kama wana hisa wengi si raia, kampuni inahesabiwa ya kigeni, na kwa kawaida asiye raia hapati ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Familia yenye watoto waliochukua uraia wa nje ihesabu hisa zake kabla ya kusajili, kwa sababu mtu mzima Mtanzania haruhusiwi uraia wa nchi mbili.

Waislamu wana wakfu pia: mali inafungwa isiuzwe, mapato yake ndiyo yanagawanywa. Inafaa kwa minazi au nyumba ya kupanga. Kwa ranchi ya kibiashara inayohitaji kukopa na kubadilika naiona nzito.

Ningechagua nini

Shamba dogo la chakula na korosho: wosia ulioandikwa vizuri, ukihifadhiwa RITA, na hati ya mume na mke kwa pamoja. Shamba la kati lenye mtoto mmoja anayelijali: mkataba wa uendeshaji kwanza, kisha hiba ya kipande anachofanyia kazi, kilichobaki kwenye wosia, na fidia ya wengine itajwe kwa shilingi au kwa kiwanja, si kwa "atawaangalia wenzake". Ranchi au shamba la biashara lenye wafanyakazi na mkopo: kampuni, na wosia wa hisa juu yake. Kwa vyovyote, makaburi yapimwe yawe nje ya mgawo, na njia ya kuyafikia iandikwe, maana hata aliyeuza sehemu yake atataka kwenda kumzuru mama.

Na kama hati bado ina jina la babu, ulinganisho huu wote usubiri. Huwezi kuusia wala kusajili kampuni juu ya ardhi ya marehemu. Anza na mirathi ya babu: cheti cha kifo, kikao, msimamizi. Kwenye mahakama za juu ya ile ya mwanzo, zikipita zaidi ya miaka mitatu tangu kifo, ombi lieleze kwa nini mmechelewa. Haliwi kosa, ni maelezo tu. Cha kukimbilia ni kingine: madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu hesabu inaanzia siku aliyofariki. Jirani aliyesogeza mpaka wiki ya msiba anajua hilo.